Moyo wa Mtoto na Historia ya Shule Zetu

Kila mwaka shule zinapofunguliwa, mwalimu wa darasa la kwanza huwakuta watoto watatu miongoni mwa wale wapya. Mmoja hulia na kung'ang'ania kanga ya mama yake. Wa pili hukaa kimya tangu asubuhi mpaka wakati wa kurudi nyumbani, na akiulizwa jina lake hutazama chini. Wa tatu huwapiga wenzake bila sababu inayoonekana. Desturi yetu imekuwa kusema kwamba wa kwanza amedekezwa, wa pili ni mzito wa kichwa na wa tatu ni mtukutu. Tukishawapa majina hayo, tunaendelea na kazi ya kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu.

Makala haya yanahusu watoto hao watatu. Nia yetu ni kuchunguza namna shule za nchi yetu, katika nyakati mbalimbali, zilivyoshughulika na hofu, huzuni na upweke wa mtoto. Wako wenzetu wanaodhani kuwa kujali moyo wa mwanafunzi ni fikira mpya iliyoletwa na wageni, na kwamba desturi yetu ya asili ni fimbo. Sisi tunaona kuwa historia inatoa ushahidi tofauti.

Tuanze na lugha yenyewe. Neno kufundisha limetokana na kufunda, na mpaka leo mwari hufundwa. Neno somo nalo lina maana zaidi ya moja. Shuleni ni funzo analolitoa mwalimu ubaoni. Katika unyago wa pwani ni mtu: mwanamke mzima anayemfunda mwari, anayezijua siri zake, naye mwari humkimbilia akipatwa na jambo zito hata baada ya kuolewa. Hivyo Waswahili walitumia neno moja kwa funzo na kwa msiri. Katika fikira zao, anayekufunza ni yule unayeweza kumwambia yaliyo moyoni.

Si unyago peke yake uliokuwa na mtu wa namna hiyo. Katika makabila yetu mengi, mtoto aliyeogopa kusema na baba yake aliweza kusema na bibi au babu. Kati ya babu na mjukuu palikuwa na utani. Bibi alimwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", na mtoto akacheka, na katika kucheka kule akatoa neno ambalo asingethubutu kulitoa mbele ya wazazi. Jioni palikuwa na ngano na vitendawili. Msimulizi alisema "Paukwa!" na watoto wakajibu "Pakawa!" Aliyetega kitendawili alisubiri mpaka aambiwe "Tega!" Tukiangalia kwa makini, tutaona kwamba katika michezo hiyo hakuna aliyeachwa kimya. Hata mtoto mdogo kuliko wote alikuwa na zamu ya kusikilizwa.

Fasihi yetu ya maandishi nayo inashuhudia jambo hilo. Kati ya tungo maarufu za Kiswahili umo utendi aliotunga Mwana Kupona binti Msham mwaka 1858, kwa ajili ya binti yake. Mama huyo alikuwa mgonjwa, na alifariki muda mfupi baadaye. Mafunzo yake ni mengi, na baadhi yake leo yanabishaniwa, hasa yale yanayohusu nafasi ya mwanamke. Lakini tuitazame njia aliyoifuata. Kabla ya kutoa onyo lolote, humwita mtoto wake akae karibu naye. Karne iliyofuata, Shaaban Robert alifuata mapokeo hayo katika Utenzi wa Hati, aliomtungia binti yake, na Utenzi wa Adili, aliomtungia mwanawe wa kiume. Katika mapokeo hayo ukaribu hutangulia na mafunzo hufuata.

Hata hivyo, tusiipambe historia yetu kupita kiasi. Hadithi za mazimwi ziliwatisha watoto wengi usiku. Katika vyuo vya Kurani bakora ilijulikana. Jando lilikuwa na maumivu, na katika baadhi ya makabila lilikuwa na vitisho vya makusudi. Hatusemi kwamba wazee hawakumpiga mtoto. Tunasema kwamba karibu na mkono uliopiga palikuwa na mkono mwingine wa kufariji. Kijana wa jandoni alikuwa na mtu aliyewekwa maalumu kumwangalia na kumtunza mpaka apone. Mtoto aliyeadhibiwa na baba alikuwa na nyumba ya bibi pa kukimbilia. Adhabu haikumwacha peke yake.

Sasa tutazame shule zilizoletwa na wageni. Tutaanza na Unguja, kwa sababu huko ndiko walikokusanywa watoto ambao majeraha yao ya moyo hayakuweza kufichika.

Mwaka 1864 Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer wa misheni ya Kianglikana ya UMCA wavulana watano waliookolewa kutoka jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa mwanzo wa shule iliyokuja kujulikana kwa jina la Kiungani, nje kidogo ya Mji wa Zanzibar. Wengine waliongezeka kadiri majahazi yalivyokamatwa. Walikuwa watoto kutoka makabila mbalimbali ya bara. Baadhi yao walinyakuliwa katika vita, wengine waliuzwa wakati wa njaa au kwa sababu ya deni, na wote walitembezwa safari ndefu kuja pwani. Wengi walifika wakiwa na hofu iliyoenea miongoni mwa mateka siku zile, kwamba Wazungu wangewala. Mtoto wa namna hiyo hawezi kuambiwa tu akae chini ajifunze alifabeti.

Mwaka 1887 kilichapishwa London kitabu kilichoitwa Kiungani. Aliyekihariri ni A. C. Madan, mwalimu wa misheni hiyo, ambaye baadaye alijulikana kwa kamusi zake za Kiswahili. Ndani ya kitabu hicho zimo habari zilizoandikwa na wavulana wa shule ile: kwao palikuwaje, walikamatwaje, nani aliwauza, waliona nini njiani. Waliziandika kwa Kiswahili, na Madan akazifasiri kwa Kiingereza.

Tusijidanganye kuhusu nia ya kitabu hicho. Kilikusudiwa wasomaji wa Uingereza, na misheni ilikuwa na haja ya kuonyesha kazi yake. Isitoshe, misheni hiyo iliwapa watoto majina mapya na dini mpya, na iliwaandaa kwa kazi ilizozitaka yenyewe. Lakini pamoja na hayo yote, jambo moja kubwa lilitendeka. Mtoto aliyekuwa bidhaa sokoni alipewa kalamu akaambiwa aeleze habari zake. Kiswahili, ambacho kwa wengi wao hakikuwa lugha ya mama, kilikuwa chombo cha kumwezesha mtoto wa kabila moja kuzungumza huzuni yake na mtoto wa kabila jingine. Tukitafuta mfano wa kale wa shule katika nchi yetu iliyompa mwanafunzi nafasi ya kusema yaliyompata, tunao huo.

Huku bara mambo yalichukua njia nyingine. Wajerumani walianzisha shule za serikali pwani katika miaka ya 1890, na ile ya Tanga ikawa maarufu kuliko zote. Shabaha ya shule hizo ilikuwa kupata makarani, wakalimani, watoza kodi na maakida watakaoisaidia serikali. Chombo cha utawala ule kilikuwa kiboko, mjeledi wa ngozi ya mnyama huyo, na hesabu yake imebaki katika kumbukumbu za wazee wetu kwa maneno "hamsa ishirini". Mtu mzima alilazwa chini mbele ya watu akachapwa viboko 25. Ni muhimu tulielewe jambo hili vizuri. Fimbo ya baba ilitoka kwa mtu aliyemjua mtoto kwa jina na ambaye angekula naye jioni. Kiboko cha serikali kilitoka kwa mtu asiyemjua aliyepigwa, na kusudi lake lilikuwa kumfanya adhalilike mbele ya wenzake. Neno hilohilo, kiboko, ndilo tunalolitumia shuleni mpaka leo. Wengi wetu tunalitamka bila kukumbuka lilikotoka.

Waingereza walipochukua utawala baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliongeza idadi ya shule, lakini adhabu ya viboko waliiacha katika sheria zao. Waliongeza na hofu nyingine, nayo ni hofu ya mtihani. Mtoto alisoma miaka minne, kisha mlango ukafungwa kwa walio wengi. Aliyeshindwa mtihani wa darasa la nne alirudi kijijini akiwa na umri wa miaka kumi na kidogo, huku akiitwa mshindwa. Tena, kwa watoto wengi shule ilikuwa safari ya kuondoka nyumbani. Julius Nyerere mwenyewe alipoanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alikwenda kukaa bweni mbali na Butiama, mahali ambapo lugha ya darasani haikuwa Kizanaki alichokizungumza kwao. Watoto wa namna hiyo walikuwa maelfu nchini. Waliofaulu tumesoma habari zao. Waliozidiwa na upweke wakatoroka hatuna kitabu chao.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, taifa lilikuwa na kazi ya kuijenga shule upya. Mwaka 1967, muda mfupi baada ya Azimio la Arusha, ilitolewa hati ya Elimu ya Kujitegemea. Wengi wetu tunaikumbuka hati hiyo kwa sababu ya mashamba ya shule, majembe na mabanda ya kuku. Lakini ndani yake mlikuwa na fikira nyingine ambayo haikupewa uzito uleule. Ilisema shule iwe jamii kamili, na walimu na wanafunzi wawe kitu kimoja kama vile wazazi, jamaa na watoto walivyo kitu kimoja katika familia. Mwaka huohuo Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Hatua hiyo kwa kawaida huelezwa kama ushindi wa siasa ya lugha, na kwa hakika ilikuwa hivyo. Lakini ilikuwa pia faraja kwa mtoto. Anayefundishwa kwa lugha anayoielewa huweza kuuliza. Huweza pia kusema, "Mwalimu, naumwa," au "Mwalimu, nyumbani hatukulala."

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa shule awe na nafasi darasani. Mpango huo ukajulikana kwa herufi UPE. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watoto waliokuwa katika shule za msingi walizidi milioni tatu. Ilikuwa kazi kubwa sana kwa taifa maskini, nasi tunapaswa kuiheshimu. Mtoto wa mkulima wa mbali aliketi darasani kama mtoto wa karani. Aliimba, alikimbia mchakamchaka, alicheza ngoma za kabila lake na za makabila mengine.

Lakini wingi huo ulikuwa na gharama yake. Walimu wengi wa UPE walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba, waliofundishwa ualimu vijijini huku wakifundisha darasani. Wengine walikabidhiwa darasa lenye watoto wengi mno, chini ya mwembe. Baadhi ya watoto hao walikuwa wamehamishwa kutoka makwao katika kujenga vijiji vipya miaka ya 1973 hadi 1976, wakaacha makaburi ya babu zao na miti waliyoizoea. Nani aliwauliza walijionaje? Mwalimu kijana hakufundishwa kuuliza. Alikuwa na kitu kimoja tu alichokiona kwa walimu wake, nacho ni fimbo. Mwishoni mwa miaka saba pakawa na mtihani uleule wa kuchuja, na katika miaka ile waliochaguliwa kwenda sekondari za serikali walikuwa chini ya kumi katika kila mia. Familia ya shule ilipata shamba, ngoma na gwaride. Haikupata bibi wa kuisikiliza.

Kisha likaja pigo ambalo liliwalazimisha walimu kulitazama jambo hili uso kwa uso. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata, mwalimu wa Bukoba au Muleba alipoita majina asubuhi, alikuwa akiwaita mayatima. Mtoto alilala karibu na mama mgonjwa usiku, akachota maji alfajiri, akafika shuleni akiwa amechelewa. Kwa kanuni ya zamani alistahili viboko. Walimu wengi waliviinua viboko hivyo kwa sababu hawakujua walilokuwa wakiliadhibu.

Huko Nshamba, wilayani Muleba, mwishoni mwa miaka ya 1990 ulianzishwa mradi ulioitwa Humuliza, neno la Kihaya lenye maana ya kuliwaza. Pamoja na kazi nyingine, mradi huo uliwafunza walimu wa shule za msingi kuzitambua dalili za huzuni ya mtoto aliyefiwa, na namna ya kuzungumza naye. Mayatima wenyewe nao walianzisha chama chao, Vijana Simama Imara, ambamo walitembeleana na kusaidiana. Tunaona kwamba walimu hao hawakuwa madaktari. Walifundishwa kurudia kazi ambayo somo, bibi na babu walikuwa wakiifanya: kukaa karibu, kuuliza kwa upole na kungoja jibu.

Sheria nazo zimekuwa zikibadilika hatua kwa hatua. Chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 zilitungwa kanuni za viboko mwaka 1979. Kanuni za mwaka 2002 zikapunguza: viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe katika daftari. Sheria ya Mtoto ikapitishwa mwaka 2009. Mwaka huohuo ulifanyika uchunguzi wa taifa zima kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2011. Karibu robo tatu ya vijana walioulizwa walisema kwamba walipigwa au kuumizwa mwili kabla ya kufikia miaka 18, na takribani robo moja walisema kwamba waliumizwa kwa maneno ya kudhalilisha na vitisho kutoka kwa watu wazima. Walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa. Sisi tulio walimu hatuwezi kuisoma habari hiyo kana kwamba inahusu watu wengine.

Hapo ndipo baadhi ya wenzetu hutukumbusha methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ni ya kweli, na hatuna nia ya kuifuta. Lakini haikusema mtoto apigwe. Imesema mlezi asiogope kumkataza mtoto jambo baya ati kwa kuwa atalia. Kumkataza ni wajibu, na kumdhalilisha ni jambo jingine kabisa. Wahenga hao hao walisema kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Kama kulea kungekuwa fimbo tu, kusingekuwa kazi. Fimbo ni rahisi, na huchukua dakika moja.

Mwalimu atauliza, na ana haki ya kuuliza: darasa lina watoto mia moja, tuufanye lini uganga wa mioyo? Jibu letu ni kwamba historia tuliyoieleza haidai uganga. Inadai mambo madogo yanayofanywa kila siku. Mwalimu ayajue majina. Aitikie salamu ya mtoto kwa kumtazama. Amwulize aliyechelewa amelala wapi na amekula nini kabla hajamwuliza kwa nini amechelewa. Aanze kipindi cha kusoma kwa kitendawili, ili mtoto wa nyuma aliye kimya apate zamu ya kutamka "Tega!" pamoja na wenzake. Awape watoto, kama walivyopewa wale wa Kiungani, nafasi ya kuandika habari zao kwa Kiswahili, naye azisome habari hizo kabla ya kutia alama nyekundu katika makosa ya tahajia. Katika kila shule awepo mlezi mmoja ambaye watoto wanajua kwamba siri yao haitatembea. Shule zetu sasa humwita mnasihi. Wazee wa pwani wangemwita somo.

Tangu serikali ilipounda wizara ya utamaduni mwaka 1962, tumezikusanya ngoma, tumezihifadhi methali na tumezitunza tenzi. Hayo yote ni mema. Lakini utamaduni ni pia namna mtu mzima anavyomwinamia mtoto anayelia. Ikiwa tutauhifadhi wimbo wa unyago na kuliacha sikio la somo, tutakuwa tumeyahifadhi maganda.

Turudi kwa watoto wetu watatu wa darasa la kwanza. Huyu anayelia huenda ameachwa leo kwa mara ya kwanza maishani mwake. Huyu aliye kimya huenda hajaielewa lugha ya darasani, kama walivyokuwa wengi waliomtangulia. Huyu anayepiga huenda naye hupigwa. Hatutajua mpaka tuwaulize. Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini anayemkunja kwa pupa humvunja. Sisi tuliopewa dhamana ya kuwafundisha watoto wa taifa hili tuanze kama alivyoanza Mwana Kupona: tumwite mtoto akae karibu kwanza.